Gia Isiyoguswa

Kwa desturi ya kwetu, mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayerithi nyumba ya wazazi na kihamba, yaani shamba la ukoo, kinachoizunguka, na pamoja na migomba na kahawa hurithi wajibu wa kukaa na mama mpaka mwisho wa siku zake. Mimi ndimi mtoto huyo wa mwisho. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka thelathini nimeishi Njoro, mjini Moshi, kwanza kwa sababu ya kufundisha, na baada ya kustaafu kwa sababu ya vitabu ambavyo unyevu wa mlimani ungeviharibu. Naeleza hili mapema ili ijulikane kwamba gari ninalotaka kulisimulia halikununuliwa kwa anasa. Lilinunuliwa na mtu aliyejua kwamba hayupo mahali alipopaswa kuwapo.

Mama alikuwa na umri wa miaka themanini na minne, na moyo wake ulikuwa umeanza kuchoka. Kila baada ya wiki mbili, siku ya Alhamisi, alitakiwa kuhudhuria kliniki huku mjini, upande wa Mawenzi. Wakati wa kiangazi gari la kukodi lilipanda mpaka kwake bila shida. Masika, barabara ile, ambayo ikishapita kanisa huacha changarawe na kuwa udongo mwekundu mtupu, iliwashinda madereva. Walisimama darajani wakapiga honi. Mwaka uliotangulia, majirani wanne walimteremsha Mama akiwa ameketi kwenye kiti cha mbao, kila mmoja ameshika mguu wa kiti, naye akiwaelekeza mahali pa kukanyaga. Dada yangu, muuguzi mstaafu anayeishi Arusha, alipopata habari hiyo alinipigia simu.

"Sikiliza, kitinda mimba," alisema. Haniiti hivyo ila akiwa amekasirika. "Mama si kabati la kubebwa na watu wanne. Ama upate gari linalofika mlangoni kwake hata mvua ikinyesha, ama masika yajayo anahamia kwako Njoro. La tatu sitaki kulisikia."

Mama, nilipomfikishia shauri hilo, hakubishana. Aliniuliza tu kutoka chumba cha wageni cha nyumba yangu mtu huona nini dirishani. Nilimjibu kwa ukweli kwamba huona ukuta wa jirani.

Nilitafuta gari kwa miezi mitatu, kwa utaratibu uleule niliouzoea katika kusoma hati za kale: sikuamini maneno ya mdomo yasiyoungwa mkono na maandishi, wala sikuamini maandishi yaliyokuwa safi mno. Madalali walinichoka. "Mzee, gari haliolewi," mmoja aliniambia nilipoomba kuiona kadi yake kwa mara ya tatu. "Ukilipenda panda, usipolipenda shuka, tuendelee na wengine."

Mwishowe nilielekezwa kwa mzee mmoja wa kanisa la Kilutheri, aliyewahi kuwa mkaguzi wa kahawa, anayeishi mwendo mfupi juu ya Bomang'ombe. Gari lake lilikuwa la fowili, la umbo la sanduku, refu kwenda juu, na lilikuwa limetembea kilometa laki tatu na elfu kumi na nane. Lilikaa chini ya turubai iliyoshonwa kwa vipimo vyake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanikaribisha kahawa, na kabla hata hajalifunua akaniletea daftari. Ndani yake aliandika kila oili iliyomwagwa, kila chujio kilichobadilishwa, kila tairi na kilometa lilipofungwa. Nilisoma daftari lile lote huku kahawa ikipoa. Mwandiko ulikuwa mmoja, lakini ulizeeka pamoja na mwenyewe: herufi zilizosimama wima katika kurasa za kwanza zilianza kuinama katika zile za mwisho, na wino ulibadilika mara tano au sita. Daftari la namna hiyo halibuniwi jioni moja kwa ajili ya mnunuzi.

Ndipo tulipoingia ndani ya gari. Kando ya gia ya kawaida palikuwa na gia fupi ya pili, ile inayoyaunganisha magurudumu ya mbele na injini ili yote manne yavute kwa pamoja. Gia ya kwanza ilikuwa imelainika kwa kiganja cha mtu mpaka namba zake zikafutika. Ya pili iling'aa kama ilivyotoka kiwandani.

"Hii," mzee alisema, akiielekezea kidole bila kuigusa, "sijaisogeza tangu gari lije kwangu. Miaka kumi na mmoja."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja. Niichoshe ya nini? Safari zangu ni kanisani na sokoni. Nimekutunzia wewe."

Nakiri kwamba sentensi ile ndiyo iliyoniuzia gari. Nimekulia katika nyumba ambayo sebule yake ilifunguliwa Krismasi na Pasaka, ambayo vikombe vyake vya maua vilinywewa na padri peke yake, na ambayo blanketi bora kuliko yote lilikuwa lile ambalo hakuna aliyewahi kulilalia. Kwa mtu aliyelelewa hivyo, kitu kisichoguswa ni kitu ambacho uwezo wake wote bado umo ndani yake. Tulipeana mikono. Mzee alilizunguka gari mara moja, akapiga bodi yake kidogo kwa kiganja kama mtu anayeaga ng'ombe, akaingia ndani ya nyumba bila kungoja nilitoe uani.

Fundi wangu wa Njoro ni Mpare, na baina yetu Wachagga na Wapare kuna utani wa jadi unaomruhusu kuniambia maneno ambayo mkwe wangu asingethubutu. Alilala chini ya gari asubuhi nzima. Alipotoka alikuwa na orodha: bushi za mbele zimekwisha, shokapu mbili zinavuja, mpira wa rejeta umepasuka, usukani una mchezo wa vidole vitatu.

"Lakini injini, Mwalimu, injini ni ya mtu mcha Mungu," alisema. "Sasa tuliwashe tukajaribu fowili pale kwenye udongo, nyuma ya uwanja."

Nilimweleza kwa fahari kwamba gia hiyo haijaguswa kwa miaka kumi na mmoja.

Aliacha kufuta mikono. "Haijaguswa?"

"Imetunzwa."

"Mwalimu, hebu tuijaribu."

"Hapana. Tusianze kuichakaza leo, katikati ya kiangazi, bila haja yoyote. Kazi yake ni masika."

Alitazama gari. "Haya. Gari lako. Sisi Wapare tukiambiwa hapana mara mbili tunakwenda mahakamani, lakini kwa hili sina ng'ombe wa kuuza."

Nilicheka, kwa kuwa husemwa kwamba Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Sikuuliza kwa nini alitaka kujaribu. Mtu aliyezoea kuuliza kila hati imetoka wapi na nani aliyeinakili hakumuuliza fundi wake swali moja la maneno mawili.

Miezi ya kiangazi iliyofuata ilikuwa ya furaha. Kila Alhamisi ya kliniki nilipanda alfajiri, nikamkuta Mama amekwisha kuvaa, kitambaa kichwani, mkoba wa kadi za hospitali mapajani. Aliketi mbele. Alifungua kioo, na kila tuliyempita alimsalimu kwa Kichagga na kumuuliza habari za mtu mwingine aliye mbali zaidi, hata safari ya dakika arobaini ikachukua saa moja na nusu. Wakati wa kurudi alinisimamisha penye majani mazuri ya ng'ombe. Nilipinga mara ya kwanza, nikisema viti ni vya kitambaa.

"Viti?" alisema. "Ng'ombe wangu anakula viti?"

Tukapakia majani. Baada ya hapo tulipakia pia mikungu ya ndizi ya majirani, mfuko wa kahawa wa mjane wa jirani, na siku moja ndama aliyefungwa miguu, ambaye alilamba shingo yangu kutoka kanisani mpaka darajani. Nami, jioni, nilianzisha daftari langu kama la yule mzee, nikaandika kilometa, oili, grisi, na hewa ya matairi. Katika safu ya gia ya pili niliandika kila mwezi neno moja: haijatumika.

Mvua za masika zilianza wiki ya kliniki. Alhamisi ile ilinyesha tangu kabla ya mapambazuko, nami nilipanda nikiwa mtulivu kabisa, kwa maana siku niliyoinunulia gari hili ndiyo hii iliyofika. Nililipita kanisa, nikavuka daraja pale ambapo madereva husimama. Mwinuko wa mwisho kabla ya kwa Mama una kona kali, upande mmoja mfongo, yaani mfereji wa maji wa wazee wetu, na upande wa pili kahawa ya jirani. Magurudumu ya nyuma yakaanza kuzunguka bure.

Nilisimama, nikashuka kwenye matope kama kitabu cha gari kilivyoelekeza, kwa kuwa magurudumu ya mbele ya gari hili yana vifungio vinavyozungushwa kwa mkono kabla ya gia ya pili kutumika. Cha kushoto kilizunguka kwa shida. Cha kulia hakikusogea. Nilikizungusha kwa vidole, kisha kwa kitambaa, kisha kwa spana, mpaka ngozi ya kiganja ikachanika. Nikarudi ndani nikavuta gia fupi kwa mikono miwili. Iliingia kwa kishindo kilichonitetemesha meno. Nikakanyaga mafuta. Nguvu yote iliyokwenda mbele ilikimbilia upande ule usiofungika, ikapotea humo. Gari likateleza nyuma taratibu, likainua bampa kidogo na kukaa na gurudumu moja ndani ya mfongo, maji yakalizunguka na kuanza kuimwagikia kahawa ya jirani.

Mjane mwenye kahawa alitokea na jembe. "Shikamoo, Mwalimu. Leo ni zamu yangu ya maji, lakini sikuomba yote!"

Tulikuwa tukichimba pamoja nilipomwona Mama. Alikuwa akiteremka kwa miguu katika utelezi ule, fimbo mkono mmoja, mwavuli mkono wa pili, viatu vya kliniki vimefungwa shingoni kwa kamba zake. Alisikia kishindo akadhani nimekufa. Alifika akihema, akashika shavu langu kwa mkono wa matope, akatazama gari, akatazama mfongo.

"Kumbe mzima," alisema, kisha akaketi juu ya jiwe, mkono kifuani, nasi tukaacha kuchimba mpaka pumzi yake ikatulia.

Kliniki tuliikosa. Trekta la misheni lilituvuta mchana. Sikumficha dada yangu neno lolote, naye, alipokwisha kusikiliza, hakunigombeza; hilo lilinitisha zaidi. "Ateremke leo," alisema. Mama aliteremka na mfuko mmoja wa nguo, akamwachia mjane ng'ombe wake.

Fundi alifungua kifungio cha kulia mbele yangu. Grisi ndani yake ilikuwa imekauka na kuwa ngumu kama kipande cha sabuni kilichosahauliwa dirishani, na chini yake chuma kilikuwa kimeshikana na chuma kwa kutu. Alikigonga mara nyingi kabla hakijaachia.

"Hakuna aliyekiharibu," alisema. "Kimetunzwa mpaka kikafa. Gia hii inataka kuitwa kila mwezi, Mwalimu, hata kama hakuna matope. Unaifunga, unatembea nusu kilometa kwenye vumbi, grisi inazunguka, unaifungua. Basi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza?" Kisha, kwa sababu uso wangu haukuwa mzuri, akarudi kwenye utani. "Nyie watu wa mlimani kila kitu kinangojea Desemba. Vikombe Desemba, shuka Desemba, hata mume anarudi nyumbani Desemba. Sisi tunaitwa mabahili, lakini ubahili wetu ni wa kutumia kitu mpaka kiishe. Wenu ni wa kukificha mpaka kioze."

Nilimpigia simu yule mzee wa juu ya Bomang'ombe, si kwa kulalamika bali kwa kuona kwamba mwenye daftari lile alistahili kujua ukurasa wake wa mwisho. Kesho yake alishuka kwa basi mpaka gereji. Fundi alimpa kile kifungio mkononi. Alikigeuzageuza, akakwangua ile grisi kwa kucha.

"Niliogopa kuichosha," alisema.

Fundi alimletea kiti.

Vipuri vilichukua wiki tatu, na katika wiki hizo Mama alikaa kwetu. Mke wangu alimtunza kwa upendo usio na kasoro. Akishika ufagio, ulichukuliwa kwa upole. Akiinuka kwenda jikoni, chai ilimkuta njiani. Wiki ya kwanza alitugombeza: ndizi za soko la mjini zilivunwa changa, majani ya mboga yalikatwa na mtu aliyefundishwa na mbuzi, na mimi nilisoma nikiwa nimepinda mgongo. Kila jioni alimpigia mjane simu kuuliza maziwa. Wiki ya pili alipunguza maneno. Wiki ya tatu alilala hata asubuhi, na jioni moja simu ilikaa juu ya meza mpaka tukazima taa bila yeye kuuliza ng'ombe ametoa lita ngapi.

Nilimpigia dada yangu siku iliyofuata.

"Presha yake ikoje?" aliuliza.

"Nzuri kuliko wakati wowote."

"Miguu imevimba?"

"Haijavimba. Amenyamaza, dada. Hatugombezi tena."

Nikamweleza habari ya grisi, jinsi nilivyoiona imekauka kwa kutotumika, na jinsi nilivyoanza kuogopa kwamba sisi watoto, kwa nia njema kama ya mzee yule, tulikuwa tukimfanyia Mama jambo lilelile. Nilieleza vibaya, kwa kurudiarudia, jambo ambalo si desturi yangu.

"Usinifananishie Mama na gari," alisema. Lakini sauti yake ilikuwa imelegea. "Nitakuja Jumamosi. Mvua inyeshe isinyeshe, nitakaa mimi mbele. Likinifikisha mlangoni nitasema neno langu. Lisiponifikisha, mjadala umekwisha, na wewe usinipigie tena kunisomea habari za grisi."

Jumamosi ilinyesha. Gari lilikuwa limekamilika siku mbili kabla, na fundi alinilazimisha kulizungusha nyuma ya uwanja mara kumi, magurudumu yote manne yakivuta, mpaka mkono wangu ukajua uzito wa gia ile. Dada aliketi mbele, Mama nyuma katikati ya mifuko. Kanisani nilishuka, nikafunga vifungio viwili, cha kushoto na cha kulia, kwa vidole vitupu. Nikaingia, nikasogeza gia. Haikupiga kelele yoyote.

Kwenye kona, gari lilitikisika, likateleza upande wa mfongo kiasi cha shubiri. Dada alishika dashibodi kwa mikono yote miwili na kutaja watakatifu ambao sikujua kama anawakumbuka. Nilitoa mguu kidogo kwenye mafuta, kama nilivyofundishwa, nikangoja. Magurudumu ya mbele yakapata ardhi. Tukapanda polepole sana, kama mtu anayepanda ngazi akiwa amebeba mtungi, tukatokea uani kwa Mama, bampa karibu igonge mlango wa jiko.

Mama hakungoja kufunguliwa. Alishuka akaenda moja kwa moja zizini, na kabla hatujazima injini tulimsikia akimuuliza mjane, kwa sauti iliyofika barabarani, ni nani aliyemkatia ng'ombe majani haya yenye umande, na kama shabaha ilikuwa kumlisha au kumpasua tumbo. Mjane alijibu kwa sauti vilevile. Waligombana kwa raha kubwa.

Dada alibaki ndani ya gari, mikono bado kwenye dashibodi, akisikiliza. Ana miaka sitini na saba, na magoti yake hayaupendi mlima. Nilingoja aseme neno lake. Aliyatazama magurudumu kupitia dirishani, akatazama zizi, akavua viatu vyake vya mjini, akavipanga chini ya kiti.

"Kliniki ni Alhamisi," alisema akishuka. "Saa moja kamili uwe hapa mlangoni, na usimcheleweshe."